Selfu Inayosaga Meno: Historia ya Kuwasha Gari Kama Inavyosikika Gereji

Gari likisaga meno wakati wa kuwashwa, wapita njia hugeuka. Ni mlio mkavu wa chuma juu ya chuma, unaodumu nusu sekunde au zaidi, kisha ama injini inashika, ama dereva anaachia ufunguo na kujaribu upya. Fundi husikia ugonjwa katika mlio huo. Insha hii inadai kwamba mwanafunzi wa historia naye ana la kusikia humo. Sehemu zinazogongana pale zilipata umbo lake Marekani katika miaka michache tu, kati ya 1911 na 1914, na namna tunavyochagua spea za kutibu mlio huo katika miji yetu ina historia yake, ambayo haijaandikwa sana kwa Kiswahili. Sijifanyi fundi. Nimeshika tochi gereji mara nyingi za kutosha, na nitakayoyasema kuhusu uchunguzi wa selfu yanaweza kuthibitishwa na yeyote mwenye gari, spana na subira.

Nianze na maneno, kwa kuwa lugha ya gereji ni hifadhi ya nyaraka isiyo na mlinzi mlangoni. Yapo matatu yanayotuhusu. La kwanza ni taniboi, yule msaidizi wa dereva wa lori, ambaye Watanzania wengi humwita utingo. Leo kazi yake ni kupakia, kupakua, kufunga turubai na kuweka jiwe nyuma ya tairi mlimani. Lakini jina lake ni la Kiingereza lililovaa sauti zetu, na maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba lilimtaja kijana wa kuzungusha, yaani wa kuzungusha hendeli mbele ya injini mpaka iwake. La pili ni selfu. Kwa Kiingereza kifaa hiki kiliitwa kianzishi cha kujiendesha chenyewe. Waswahili wakachukua neno la mwanzo tu, “chenyewe”, wakaacha mengine. La tatu ni bendeksi, sehemu ya mbele ya selfu yenye gia ndogo, ambayo ni jina la mtu. Ukiyapanga maneno hayo matatu kwa mfuatano wa wakati, tayari una muhtasari wa historia yote: kwanza mwili wa binadamu, kisha mashine inayouondoa mwili huo, kisha kifaa kilichoifanya mashine hiyo iwe rahisi na ya kawaida.

Kuhusu hendeli, vitabu hupenda kusema tu kwamba ilikuwa “ngumu”. Ugumu haukuwa tatizo kuu. Tatizo lilikuwa kwamba injini ya petroli huweza kurudi nyuma. Cheche ikitoka kabla pistoni haijafika juu, moto huisukuma pistoni chini upande usiotakiwa, na hendeli hugeuka kinyume kwa nguvu ambayo kifundo cha mkono hakiwezi kuizuia. Ndiyo maana madereva walifundishwa kuchelewesha cheche kwa kijiti kilichokuwa kwenye usukani kabla ya kuzungusha, kuvuta hendeli kwenda juu badala ya kuikandamiza chini, na kuweka dole gumba upande mmoja na vidole vingine badala ya kulikunja kuizunguka hendeli. Dereva aliyesahau kijiti hakuumia yeye ikiwa aliyekuwa mbele ya gari ni taniboi. Nadhani hapa ndipo historia ya teknolojia inapopaswa kugusana na historia ya kazi: hatari ya mashine ilikuwa na mahali pake katika ngazi ya mishahara, na mahali hapo palikuwa chini kabisa.

Marekani, hatari hiyo iligusa watu wa juu, na kisa chake kinafaa kujadiliwa kwa sababu kinarudiwa sana. Husimuliwa kwamba Byron Carter, mtengenezaji wa magari ya Cartercar, alisimama barabarani majira ya baridi kumsaidia mwanamke ambaye gari lake la Cadillac lilikuwa limezimika. Hendeli ikarudi nyuma, ikamvunja taya, naye akafariki baadaye. Henry Leland, mkuu wa Cadillac, akahuzunika na kuapa kwamba magari yake hayatamuua mtu mwingine kwa njia hiyo. Kisa ni kizuri mno. Masimulizi mengi hukiweka mwaka 1910, ilhali Carter alifariki mwaka 1908. Hilo pekee halithibitishi kwamba hakikutokea, maana tarehe huteleza katika kumbukumbu za watu kuliko matukio. Linatuonya tu kwamba kampuni iliyotaka kuuza kifaa kipya ilikuwa na sababu ya kukipa chanzo chenye machozi. Mimi ningekisoma kisa hiki kama ushahidi wa jinsi watu walivyoiogopa hendeli, hata kama tarehe za Carter mwenyewe hazikai sawa.

Lisilo na shaka ni kazi ya Charles Kettering mjini Dayton, Ohio. Kabla ya magari, Kettering alikuwa National Cash Register, na huko aliweka mota ya umeme katika mashine ya kuhesabia fedha dukani. Wahandisi waliokuwa wakifikiria selfu walikuwa wamekwama kwenye hesabu moja: mota yenye nguvu ya kuzungusha injini mchana kutwa ingekuwa kubwa karibu kama injini yenyewe. Kettering alijua kutokana na mashine za dukani kwamba mota inayofanya kazi kwa sekunde chache tu inaweza kubebeshwa mzigo mkubwa kuliko uwezo wake wa kawaida, mradi ipumzishwe ipoe. Aliwasilisha ombi la hataza Juni 1911, akaipata Agosti 1915, lakini Cadillac haikungoja karatasi. Magari yake ya mwaka 1912 yalitoka na selfu kama sehemu ya kawaida ya gari.

Hekima ile ya mashine ya duka bado inafanya kazi kila asubuhi. Ukishikilia ufunguo nusu dakika kwa kuwa gari halitaki kuwaka, unaivunja hesabu ya Kettering: waya za ndani hupata joto kali, solda huyeyuka, na kaboni hulika.

Selfu ya kwanza ya Cadillac haikufanana sana na tuliyonayo. Mashine moja ilifanya kazi mbili, kuanzisha injini na kisha kuzalisha umeme wa kuchaji betri, na ilitumia volti 24 wakati wa kuzungusha injini na volti 6 kwa kazi nyingine. Ilikuwa na gharama na ilihitaji swichi za kuchanganya akili. Vincent Bendix ndiye aliyeifanya rahisi upande wa gia. Gia yake ndogo, pinioni, ilikaa juu ya shafti yenye skrubu. Mota inapoanza ghafla, pinioni kwa uzito wake huchelewa kuzunguka, kwa hiyo skrubu huisukuma mbele mpaka iingie kwenye meno ya ringi iliyozunguka flaiwili. Injini inaposhika na kwenda mbio kuliko mota, ringi huirudisha pinioni nyuma kwa skrubu ileile. Hakuna mkono, hakuna kanyagio. Chevrolet ilianza kuitumia mwaka 1914. Hata Ford, ambaye hakupenda kuongeza gharama katika Model T, alianza kutoa selfu mwaka 1919.

Kuna dai maarufu kwamba selfu ndiyo iliyowaingiza wanawake kwenye usukani. Mwanahistoria Virginia Scharff, katika Taking the Wheel, ameonyesha jinsi starehe za gari zilivyotangazwa kama matakwa ya wanawake wakati wanaume nao walizitaka lakini wakaona haya kusema. Naikubali hoja hiyo. Kilicho wazi zaidi ni kwamba selfu ililidhoofisha gari la betri, ambalo faida yake kubwa mjini ilikuwa kuwaka bila hendeli. Clara Ford mwenyewe, mke wa Henry, aliendesha gari la betri la Detroit Electric.

Bendeksi za leo hazifanyi kazi hasa kama ya Bendix. Siku hizi solenoidi, yaani koili ya umeme iliyo mgongoni mwa selfu, huvuta wenzo unaoisukuma pinioni ndani ya ringi kwanza, na inapofika mwisho wa safari ndipo vipande viwili vya shaba vinagusana na kuipa mota umeme wote. Ndani ya pinioni kuna klachi ya upande mmoja, ili injini ikiwaka isiikokote mota. Jina limebaki la Bendix ingawa ujanja umebadilika, kama mtaa unavyobaki na jina la tajiri aliyekwisha kuhama.

Mpangilio huo, pinioni kwanza na mzunguko baadaye, ndio ufunguo wa kusoma milio. Dereva wengi huchanganya milio mitatu, kisha hununua selfu nzima kwa yote mitatu. “Tka” moja kavu, au nyingi mfululizo, bila injini kuzunguka, ni umeme usiotosha: betri imechoka, vichwa vya betri vina ukungu wa kijani, waya wa ardhi umelegea, au ile shaba ya solenoidi imelika. Mvumo wa mota inayozunguka bure, laini, bila injini kutikisika, mara nyingi ni klachi ya bendeksi inayoteleza au pinioni isiyotoka kabisa. Kusaga meno ni jambo la tatu: mota inazunguka, pinioni imetoka, lakini meno hayakuingiana.

Kwa nini yasiingiane? Hapa ndipo fundi mwenye haraka hutofautiana na fundi. Jambo la kwanza ni bolti mbili au tatu zinazoishikilia selfu kwenye kizimba cha gia boksi. Zikilegea, selfu nzima huyumba na pinioni huikuta ringi kwa pembe. Kukaza bolti ni bure. Pili ni betri, jambo linaloshangaza wengi. Solenoidi dhaifu kwa kukosa umeme huisukuma pinioni nusu njia na kuiachia, ikawa inakwaruza ncha za meno. Betri nzima iliyotulia husoma takriban volti 12.6, wakati selfu inazunguka isishuke chini ya 9.6 hivi. Tatu ni bushi zinazoshika shafti ya selfu, ambazo zikilika huifanya shafti ipinde kidogo inapobeba mzigo. Nne ni meno ya pinioni yenyewe. Na tano, lisilotazamwa kwa sababu limejificha, ni ringi.

Ringi ina tabia moja ya kupendeza. Injini haizimiki popote. Inapozimwa, mgandamizo wa hewa katika silinda huirudisha na kuisimamisha karibu mahali palepale kila mara. Injini ya silinda 4 ina mahali kama pawili katika mzunguko, pamoja na panapotazamana. Ya silinda 6 ina patatu. Kwa hiyo pinioni hugonga meno yaleyale kwa miaka yote, na ringi hulika vipande vipande badala ya kulika sawasawa. Hii ndiyo sababu gari husaga leo, kesho likawaka vizuri, keshokutwa likasaga. Kipimo chake hakihitaji mashine. Gari likisaga, zima, toa ufunguo, hakikisha gia iko huru, kisha geuza injini kidogo kwa spana kwenye bolti ya krankishafti. Jaribu tena. Likiwaka bila kelele, mtuhumiwa ni ringi, na selfu mpya haitasaidia kitu.

Baba yangu mdogo ana Hiace ya abiria inayokwenda Entebbe, injini ya silinda 4, gia za mkono. Mapato yake ya siku ndiyo karo ya wadogo zangu wawili, kwa hiyo siku gari lisipowaka haibaki siri nyumbani. Lilipoanza kusaga, gereji moja ilimwuzia selfu. Kelele zikapungua kwa wiki kadhaa, zikarudi. Akauziwa nyingine. Fundi wa tatu, mzee asiyesema sana, hakufungua kitu. Aliomba spana, akaingia chini, akageuza injini kidogo, akasema, “Washa, bwana.” Ikawaka kimya. Baadaye, gia boksi iliposhushwa, tuliona meno ya ringi yaliyochongoka kama kucha katika sehemu mbili zinazotazamana, na kwingine kote meno yalikuwa mazima. Pinioni ya selfu ya pili ilikuwa imekwisha kuliwa pembeni. Selfu hazikuwa na kosa. Zilipelekwa vitani bila kuambiwa adui ni nani.

Matibabu yalikuwa ya kale kuliko gari lenyewe. Kwenye flaiwili ya gari la gia za mkono, ringi ni pete ya chuma iliyovalishwa ikiwa ya moto na kubana ilipopoa. Ya zamani hukatwa na kuondolewa; mpya hupashwa moto itanuke, ikagongwa mahali pake haraka kabla haijapoa. Mafundi wa zamani huweza hata kuivua ringi ileile na kuigeuza upande wa pili, ili meno yaliyolika yaangalie nyuma. Gari la gia za kujiendesha halina bahati hiyo, kwani ringi yake kwa kawaida imechomelewa kwenye sahani nyembamba, nayo hununuliwa yote pamoja.

Hapo linaingia swali la kuchagua spea, na swali hilo nalo lina tarehe. Mwaka 1908 kwenye uwanja wa Brooklands, Uingereza, chini ya usimamizi wa Royal Automobile Club, magari matatu ya Cadillac yalifunguliwa kabisa, sehemu zake zikachanganywa katika rundo moja, baadhi zikabadilishwa kwa spea za ghalani, kisha yakaundwa upya na kuendeshwa maili 500. Kampuni ikapewa Dewar Trophy. Wakati ambapo magari mengi yalihitaji tupa ili sehemu moja iingie mahali pa nyingine, hiyo ilikuwa habari kubwa. Biashara yote ya spea inasimama juu ya ahadi ile ya Brooklands, kwamba kipande kilichotoka gari hili kitaingia gari lile bila kubembelezwa.

Ahadi hiyo ilifika kwetu ikiwa na nyufa. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda, na pamoja nao yakaondoka maduka na mikopo ya wauzaji iliyokuwa inaleta spea nchini. Miaka iliyofuata ilikuwa ya magendo, neno la Kiswahili ambalo Waganda wasiojua Kiswahili kingine walilijua vizuri. Spea haikuchaguliwa, ilipatikana au haikupatikana. Bushi zilichongwa kwa mashine badala ya kununuliwa, na gari lenye selfu mbovu liliegeshwa mteremkoni ili kesho lisukumwe. Ustadi wa mafundi wa Katwe wa kuunda upya kipande chochote cha chuma ulikuwapo kabla ya hapo, lakini uhaba uliufanya kuwa wa lazima. Wanaoudharau leo kama ubabaishaji hawakuishi bila duka.

Sasa tatizo limegeuka: kuna spea nyingi mno. Magari yaliyotumika kutoka Japani yamejaa barabarani, na kwenye soko la Kisekka mjini Kampala, kama kule Gerezani, Dar es Salaam, au Grogan, Nairobi, selfu zimepangwa kama mihogo. Zipo zilizong’olewa kwenye magari ya Japani, zipo mpya zenye jina la mtengenezaji wa awali, zipo mpya zenye boksi linalofanana na la mtengenezaji wa awali. Kati ya hizo, wengi wenye uzoefu huchukua iliyong’olewa kuliko boksi la mashaka, nami nakubaliana nao, kwa kuwa selfu iliyotengenezwa vizuri na kutumika nusu maisha yake bado ina chuma kizuri ndani.

Lakini hata nzuri inaweza isiwe yako. Selfu mbili za Toyota zinaweza kufanana kwa macho zikatofautiana kwa jino moja la pinioni, na jino hilo moja ndilo litakalosaga. Kwa hiyo nenda sokoni na selfu ya zamani mkononi, si na jina la gari mdomoni. Hesabu meno ya zote mbili. Pima upana wa pinioni. Angalia matundu ya bolti, volti kama ni 12 au 24, nguvu kwa kilowati, na upande inakozungukia. Sema kama gari ni la gia za mkono au la kujiendesha, kwa sababu ringi zake huweza kutofautiana hata kwenye injini moja. Kisha muuzaji aiunge kwenye betri mbele yako: pinioni iruke mbele bila kusita, na umeme ukikatwa irudi. Na kama mwili wa selfu ni mzima, uliza bei ya bendeksi peke yake, au ya kaboni, au ya zile shaba mbili za solenoidi. Muuzaji hatakutajia kwanza, maana faida yake haiko huko.

Kwenye mitaa yetu sasa yameanza kuonekana magari ya mseto, kama Prius, ambayo Toyota ilianza kuiuza Japani Desemba 1997. Ndani yake hakuna selfu ya kung’oa. Mashine ileile inayozalisha umeme ndiyo inayoigeuza injini, kazi mbili katika mwili mmoja, kama ile Cadillac ya 1912. Hakuna pinioni, kwa hiyo hakuna meno ya kusaga, na taniboi, selfu na bendeksi hazina pa kukaa katika gari hilo. Fundi mmoja kijana alinieleza kwamba wateja wake wa Prius bado humwuliza bei ya selfu.